Dawa ya maumivu isiyogusa kichwa: wanasayansi wamefika wapi?

Kila juma wafanyakazi wanatuletea kwenye ofisi ya sendika mambo ya mushahara, ya kontra na ya masaa ya ziada. Lakini tukikaa nao kidogo, mazungumzo yanaishia paka kwenye mwili. Mugongo wa dereva wa lori kubwa la mine, magoti ya mutoboa mawe, mabega ya bale wanaobeba mifuko, vidole vilivyovimba juu ya mutikisiko wa mashine. Munganga anaandika "inflamasio" kwenye karatasi. Sisi tunasema kiungo kimevimba na kinawaka moto.

Kila mutu anatafuta namna yake ya kujipoza. Wengi wananunua diklofenaki ao ibuprofeni kwenye famasi ya kona, wanameza mwezi muzima bila kuona munganga. Wengine wanashika tramadoli. Wengine wanavuta bangi usiku, na wanatuambia wazi kwamba inawasaidia kulala. Njo maana swali moja linarudi kila mara: "Tunasikia kule Ulaya na Marekani wanatengeneza dawa ya maumivu kutoka bangi. Ni kweli?"

Jibu fupi ni hili: wanatafuta kweli, lakini dawa yenyewe haijatoka, na ile wanayotafuta haiko bangi. Tueleze pole pole.

Kufuli mbili ndani ya mwili

Mwaka 1964, kule Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walitenga kile kitu cha ndani ya bangi kinacholewesha. Kinaitwa THC. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kinafanya kazi namna gani. Mwaka 1988, kule Saint Louis, Marekani, Allyn Howlett na mwanafunzi wake William Devane walionyesha kwamba ndani ya ubongo wa panya muko mahali maalumu pa kupokea vitu vya namna hiyo, kama vile kufuli inavyopokea ufunguo. Wanasayansi wanaita kufuli hizo vipokezi. Ya kwanza ilipewa jina CB1. Mwaka 1993, Sean Munro na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walieleza ya pili, CB2.

Juu ya nini mwili wa mutu uwe na kufuli ya bangi? Jibu lilikuja mwaka 1992: mwili unajitengenezea funguo zake wenyewe. Ule wa kwanza kujulikana uliitwa anandamidi, jina lililotoka kwenye neno la Kisanskriti la furaha kubwa. Hata mutu asiyewahi kuona bangi anao ndani yake.

Kufuli hizo mbili hazikai pamoja. CB1 imejaa kwenye ubongo, na iko pia kwenye neva za mwili. CB2 iko zaidi kwenye chembe zinazolinda mwili, tuite askari. Goti likiumia, askari wanakimbilia pale na wanamwaga vitu vinavyoleta joto na uvimbe. Vitu hivyo vinachokoza neva, neva inatuma habari kwenye ubongo, na mutu anasikia uchungu. Ukigusa CB2, unaweza kutuliza askari. Ukigusa CB1 kwenye neva za goti, unaweza kupunguza sauti ya ile habari.

Shida ni kwamba THC haichagui. Mutu akivuta bangi, inapanda mpaka kichwani. Anachelewa kuamua, anakosea kupima mbali na karibu. Kwa mutu anayeendesha mashine ya tani mingi, ao anayeshika baruti, hapo iko hatari ya kufa na kuua wenzake.

Mwenzetu mumoja, fundi wa miaka mingi, alifukuzwa kazi baada ya kipimo cha mukojo kuonyesha alama za bangi. Alikuwa anavuta usiku juu ya mugongo. Alama hizo zinaweza kukaa siku nyingi, hata majuma, wakati kichwa kimesha kutulia. Tunakubali kwamba kampuni inapaswa kulinda usalama, na kwamba bangi inakatazwa na sheria. Lakini mutu huyo alikuwa ameandika mara tatu kuomba kazi nyepesi, na hakuna aliyemujibu. Mukojo wake uliingia kwenye dosye, mugongo wake haukuingia.

Njia tatu

Njia ya kwanza ya wanasayansi ni kutengeneza ufunguo wa CB2 peke yake, ili askari watulie na kichwa kibaki. Kwa wanyama ilienda vizuri. Kwa watu, hapana. Dawa moja ya namna hiyo ilijaribiwa kwa watu waliong'olewa jino, na ibuprofeni ya kawaida ikaishinda.

Njia ya pili ni kuacha mwili utumie funguo zake. Ndani yetu muko kitu, kinaitwa FAAH, kinachovunja anandamidi. Ukikizuia, anandamidi inabaki mingi. Kampuni Pfizer ilijaribu kwa wagonjwa wenye magoti yaliyolika. Matokeo yalitoka mwaka 2012: anandamidi ilipanda kweli, lakini magoti yaliendelea kuuma.

Kisha ikaja Rennes, kule Ufaransa, mwezi wa kwanza 2016. Kampuni ya Ureno, Bial, ilikuwa inajaribu dawa yake ya kuzuia FAAH kwa watu wazima wenye afya, waliokubali kwa malipo ya 1.900 euro. Watu sita walilazwa hospitalini, na mumoja akafa. Dawa nyingine za kuzuia FAAH hazikuleta mambo kama yale, na wachunguzi waliona kwamba ile ya Bial ilikuwa inagusa pia vitu vingine ndani ya mwili. Tunasimulia hayo ili tujue kwamba nyuma ya kila kidonge kipya muko watu waliotoa miili yao.

Njia ya tatu ni kutengeneza ufunguo wa CB1 ambao hauwezi kuingia kwenye ubongo. Mwaka 2025 watafiti wa chuo kikuu cha Washington, kule Saint Louis, pamoja na wa Stanford, walitangaza kazi yao kwenye jarida Nature. Kompyuta iliwaonyesha kwamba kwenye CB1 muko kamufuko kaliofichika, kanakofunguka kidogo tu. Walitengeneza kitu kinachojishika pale, na wakakipa chaji ya umeme inayokizuia kupita ukuta wa ubongo. Kwa panya, kilipunguza maumivu ya uvimbe na ya neva, na panya hawakuhitaji kuongezewa kipimo kila siku. Hiyo ni habari nzuri, lakini ni ya panya. Tumesha kuona hapa juu kwamba panya anaweza kupona na mutu akabaki na maumivu yake.

Juu ya bangi yenyewe na dawa zilizotokana nayo, shirika la kimataifa la wataalamu wa maumivu lilisema mwaka 2021 kwamba haliwezi kuunga mukono zitumiwe kwa kila mutu mwenye maumivu, kwa sababu ushahidi hautoshi.

Tufanye nini wakati tunangoja

Kwa wenzetu: diklofenaki na ibuprofeni ni dawa za kweli, lakini zikimezwa muda murefu zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, zaidi kwa mutu anayetoka jasho mingi bila kunywa maji. Tramadoli inaleta usingizi na kizunguzungu, na inafunga mutu. Muone munganga, mumuambie kila kitu munachomeza na munachovuta. Hawezi kusaidia asichojua.

Kwa waajiri: mugongo na magoti viandikwe kama vile vidonda vinavyoandikwa. Anayeomba kazi nyepesi ajibiwe kwa karatasi, ndani ya muda uliowekwa. Kiti cha dereva kilichokufa kibadilishwe, mashine inayotikisa sana itengenezwe, watu wapokezane. Hakuna kidonge, hata kile cha Saint Louis kikifika siku moja, kitakachoponesha goti linalorudi kila asubuhi kwenye kazi ileile iliyoliharibu.

Na kama siku moja watu watakuja kujaribu dawa mupya kwetu, waeleze kwa Kiswahili chetu, mbele ya delege wa wafanyakazi, na waseme nani atalipa mutu akiumia. Shefu asichague nani ataingia. Mufanyakazi akikataa, asipoteze kazi. Tutaomba hayo kabla ya sindano ya kwanza.