Pora au Tembe? Tusiwahukumu Vifaranga Kabla ya Wakati

Siku moja baada ya sala ya Ijumaa tulipata wageni wa ghafla, na kama ilivyo ada ya nyumba zetu, mtoto akaagizwa akamate pora mmoja uani. Akaleta kuku wa miezi sita, mrefu wa miguu, ambaye sote tulizoea kumwita pora tangu alipokuwa na wiki tatu kwa sababu alikuwa akiwapiga wenzake. Akachinjwa. Mama alipompasua alinyamaza kidogo, kisha akatuita tuone. Ndani mlikuwa na kichala cha viini vya mayai, vingine vidogo kama punje za mtama, vingine vimekwisha kufikia ukubwa wa gololi. Alikuwa tembe aliyekaribia kutaga. Wageni walikula wakashukuru, lakini watoto wetu walikosa mayai waliyokuwa wakiyangoja kwa nusu mwaka.

Tulipotafakari, tuliona kwamba kosa letu halikuwa kukosa alama za kututambulisha. Tulitoa hukumu mapema, kisha hatukumtazama tena yule kuku. Ndiyo maana tumeona vema leo kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo hili, kwani familia nyingi hufuga kuku wachache uani, na kila mmoja ana hesabu yake katika riziki ya nyumba.

Kwanza tuziweke kando dhana tulizorithi. Wapo wasemao kuwa yai lililochongoka hutoa jogoo na la mviringo hutoa jike. Sivyo. Umbo la yai hutokana na njia ya uzazi ya kuku aliyelitaga. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia ya mtoto. Kwa kuku, jambo hilo hubebwa na yai la mama, nalo huwa limekwisha kuamuliwa kabla yai halijatagwa. Kwa hiyo joto la siku 21 za kuatamia haligeuzi jike kuwa dume. Kwa kawaida vifaranga hukaribia nusu kwa nusu, ingawa katika kundi dogo la vifaranga kumi si ajabu kupata saba wa jinsia moja.

Ni kweli kwamba vituo vikubwa vya kutotolesha huwatenganisha vifaranga siku ile ile ya kwanza. Katika miaka ya 1920 wataalamu wa Japani walieneza njia ya kukagua tundu la nyuma la kifaranga, lakini kazi hiyo huhitaji mikono iliyofunzwa kwa muda mrefu, na asiyeijua aweza kumuumiza kifaranga. Wako pia kuku wa kisasa ambao dume na jike hutofautiana rangi tangu kuanguliwa, kwa sababu wazazi wao walichaguliwa makusudi kwa ajili hiyo. Kuku wetu wa kienyeji wamechanganyika mno, hivyo rangi ya kifaranga haitupi jibu.

Basi tungoje, na tutazame kwa utaratibu. Kati ya wiki ya sita na ya nane, upanga wa kichwani mwa pora huanza kunenepa na kuwa mwekundu, na ndevu za chini ya mdomo huonekana. Upanga wa tembe kwa umri huo hubaki mdogo na uliopauka. Hii ni dalili ya mwanzo tu.

Dalili yenye nguvu zaidi hudhihirika kuanzia mwezi wa tatu, nayo imo katika manyoya. Tumshike kuku kwa upole tuyatazame manyoya ya shingoni, na yale ya mgongoni karibu na mkia. Ya pora huwa membamba, marefu, yanayong'aa na yenye ncha kali. Ya tembe huwa mapana yenye ncha ya mviringo. Baadaye mkia wa pora hutoa manyoya yaliyopinda kama mundu, vipi vya miguuni huanza kukua, na sauti yake ya kwanza ya kuwika husikika, ingawa ni ya kukwaruza.

Hata hivyo, tuangalie aina ya kuku. Kuchi ana miguu mirefu, awe dume au jike, na upanga wake ni mdogo, hivyo kimo na upanga huweza kutudanganya. Na yule tuliyemchinja alikuwa na damu ya kuchi. Kishingo hana manyoya shingoni, basi tutazame mgongo. Kibutu hana mkia, na kidimu manyoya yake yamejikunja, hivyo hawa wahitaji subira zaidi. Ugomvi wa kifaranga nao si hoja, maana majike pia hupigania cheo.

Tangu siku ile tumeweka utaratibu mdogo. Kila kifaranga hufungwa uzi wa rangi mguuni, uliolegea na kubadilishwa kadiri anavyokua. Mtoto mmoja huandika daftarini anachokiona katika wiki ya nane, kisha hurudia katika wiki ya 14 bila kusoma alichoandika mwanzo. Majibu yakitofautiana, kuku huyo haguswi mpaka jambo lake liwe wazi.

Subira hii yahitajika zaidi tunapouza. Jirani anayenunua matembe sita kwa ajili ya mayai, akaja kusikia wanne wakiwika, amepoteza fedha, chakula cha kuku na miezi kadhaa, na huenda akapoteza pia imani yake kwetu. Waislamu tumefundishwa kuepuka gharari katika biashara. Basi tumwambie mnunuzi umri wa kuku, alama tulizoziona na zile ambazo bado hazijaonekana, na tukiwa hatuna hakika tuseme wazi kuwa hatuna. Kuku akiwa mdogo mno, auzwe kwa jina la kifaranga na kwa bei ya kifaranga.

Mwaka huu tunao kuku tisa uani. Watano tumewathibitisha kuwa matembe, watatu ni mapora. Wa tisa ni kidimu, na mbele ya namba yake daftarini pameandikwa neno moja: bado.