Mtafiti wa Ubongo Anayehitajika Karibu na Garsen

Mtoto wa Garsen, Kaunti ya Tana River, akivimba kichwa kwa maji yaliyojikusanya kwenye ubongo, hupelekwa Mombasa, zaidi ya kilomita 200, au Nairobi. Tiba iliyozoeleka ni shanti, mpira mwembamba unaotoa maji kichwani na kuyashusha tumboni. Kasoro yake ni kuziba. Ukiziba, mtoto hutapika, hulegea, na akicheleweshwa anaweza kufa. Mto Tana ukifurika, vijiji vya delta huwa visiwa, nani atamfikisha?

Dkt. Benjamin Warf, Mmarekani, alilikuta swali hilohilo Mbale, Uganda, mwaka 2000. Katika hospitali ya watoto ya CURE aliona kwamba wengi waliugua baada ya maambukizi ya uchangani. Akaunganisha mbinu mbili: kwa kamera ndogo, tundu hutobolewa ndani ya ubongo ili maji yapate njia, kisha tishu inayoyatengeneza huunguzwa. Ikifanikiwa, mpira hauhitajiki tena.

Je, akili za watoto waliotibiwa hivyo hukua sawa na za wenye shanti? Kulijibu swali hilo kulihitaji watu wanaolipwa kutafiti. Serikali ya Marekani ilitoa fedha, madaktari wa Mbale wakashirikiana na watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani na Kanada, na Desemba 2017 matokeo ya watoto 100 yakachapishwa katika New England Journal of Medicine: baada ya mwaka mmoja, hapakuwa na tofauti ya maana.

Kenya ina wapasuaji hodari, na Chuo Kikuu cha Nairobi huwafundisha wengine. Ila mhadhiri anayeshinda chumba cha upasuaji atatafiti saa ngapi? Sheria ya sayansi ya 2013 iliahidi utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Ahadi hiyo ingali kwenye karatasi.

Kilifi, njiani kuelekea Mombasa, taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na shirika la Wellcome wametafiti tangu 1989, malaria inayoshika ubongo ikiwemo, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko mji huohuo. Nafasi moja ya mtafiti wa upasuaji wa ubongo hapo isingekosa kazi. Mathalani, tangu 2012 unga wa pakiti sharti utiwe asidi ya foliki, inayopunguza watoto kuzaliwa na mgongo wazi, kasoro ambayo mara nyingi huambatana na maji kichwani; mahindi yanayosagwa kijijini hayatiwi. Tana River inaathirika kiasi gani?

Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina wanachama sita. Wachangie mshahara wa nafasi hiyo, na wauweke kwenye bajeti ijayo.