Mbuni Unaokataa Unga Wake Wenyewe



Sisi wenye mikarafuu hatungoji ua lichanue. Likichanua kabla ya kuchumwa ni hasara, kwa hiyo ni nadra kufikiri juu ya kazi ya ua lenyewe. Lakini wenzetu wa Bukoba na Muleba, Mkoa wa Kagera, wenye mibuni ya robusta, riziki yao yategemea ua lililochanua. Habari yao twaona yamfaa kila apandaye mti.

Unga wa ua, yaani chavua, huchukuliwa na upepo na nyuki, ukaangukia popote. Juu ya ua moja la mbuni huweza kuanguka unga wa mhindi, wa mpera na wa mbuni mwenziwe. Lakini ua halipokei kila mgeni. Chembe iliyokubaliwa huota kama mbegu: hutoa mrija mwembamba mno, ushukao shingoni mwa ua mpaka kwenye yai, ndipo tunda lishike. Chembe ya mti wa jinsi nyingine kabisa aghalabu haioti, au mrija wake hukwama njiani.

Ajabu ya robusta ni kwamba hukataa hata unga wake wenyewe. Kila mti una alama mbili za urithi, moja ya baba na moja ya mama, na kila chembe ya unga hubeba moja. Shingo ya ua ikiona alama ya mgeni ni sawa na mojawapo ya zake, mrija huzuiwa. Ndivyo mti ujikingavyo usizae na nafsi yake. Arabika haina tabia hiyo, hujizalisha yenyewe.

Mibuni ya kale ya vibanja vya Wahaya iliota kwa mbegu, kila mmoja na alama zake, basi shida haikuonekana. Mwaka 1997 ugonjwa wa mnyauko ulithibitishwa Kagera, ukakausha mibuni mingi. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, yenye kituo Maruku, ikatoa aina zinazostahimili: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Hizi huoteshwa kwa vikonyo, kwa maana mbegu ya robusta haifuati mama peke yake.

Hapo ndipo penye hatari. Miche mia ya vikonyo vya mama mmoja ni mti mmoja uliorudiwa mara mia. Mkulima akiipenda aina moja tu akaijaza shamba zima, mvua itanyesha, shamba litakuwa jeupe kwa maua, na buni zitakuwa haba. Atalaumu mbolea, atalaumu mvua, pengine hata jirani, na kosa li katika miche. Dawa yake ni kuchanganya aina kadhaa shambani.

Hata hivyo mlango hufunguka mara moja moja. Kisiwani Timor arabika na robusta zilichanganyika zenyewe, na kizazi chao kimewapa wataalamu kinga ya kutu ya majani.

Mkarafuu ulio peke yake huzaa, alhamdulillahi. Lakini wanachama wanaotia miti mingine kati ya mikarafuu, yawapasa kumwuliza mwenye kitalu kabla ya kutoa fedha: miche hii imetoka kwa mama wangapi? Swali halina gharama. Kungoja miaka mitatu na kuvuna maua matupu kuna gharama kubwa.

Wasalaam,
Katibu