Likasi: Mavi ya mifugo ndani ya lupango, sheria inamdai nini mfugaji?

Mjini Likasi, jimboni Haut-Katanga, kufuga nguruwe na kuku ndani ya lupango si habari mpya. Mshahara ukichelewa, nguruwe mmoja akiuzwa anaweza kurudisha watoto masomoni. Lakini mnyama anayekula kila siku anatoa mavi kila siku, na hapo ndipo maneno na jirani yanaanza: harufu, nzi, na maji machafu yanayotelemka kuelekea kisima mvua ikinyesha.

Tufanye hesabu kidogo. Nguruwe aliyekomaa anaweza kutoa karibu kilo 5 za mavi na mkojo kwa siku. Mwenye nguruwe 20 ana kilo 100 kila siku, ni kusema tani 3 kwa mwezi. Mzigo huo lazima uwe na mahali pa kwenda, na mtu wa kuujibia.

Hatari iko wapi?

Wakaaji wa Likasi wanajua ubaya wa maji machafu. Mwaka 2008, kipindupindu kiliwapiga wao na ndugu zao wa Lubumbashi. Kipindupindu kinatoka kwa mavi ya watu, si ya nguruwe. Hata hivyo njia ni ile ile: uchafu unaingia kisimani, kisha unaingia mdomoni. Mavi ya mifugo yanabeba vijidudu vya kuharisha na mayai ya minyoo. Yakizama udongoni kwa wingi, yanaongeza naitrati ndani ya maji, na hiyo ni hatari zaidi kwa watoto wachanga. Tena, homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haishiki watu lakini inamaliza banda zima, inaweza kusafiri na mavi yaliyoshikana na viatu au beleshi.

Sheria ya Kongo inasema nini?

Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu ulinzi wa mazingira inadai kwamba mradi wowote unaoweza kudhuru mazingira, hata wa kilimo, ufanyiwe kwanza uchunguzi wa madhara yake. Kazi ya kuangalia uchunguzi huo iko mikononi mwa Shirika la Kongo la Mazingira, linalojulikana kama ACE. Kisha kuna amri nambari 13/015 ya tarehe 29 Mei 2013. Hiyo inapanga kwa makundi, kufuatana na ukubwa wa hatari, kazi zinazoweza kusumbua majirani au kudhuru afya yao, na inaeleza ruhusa zinazohitajika.

Angalia vizuri: ruhusa hizo zinahusu kwanza kazi na mahali. Mtu anayeshika beleshi kila asubuhi, je, anajua kazi yake? Hilo ni swali lingine.

Kwingine wanafanyaje?

Huko Marekani, jimbo la North Carolina lilijifunza kwa uchungu. Tarehe 21 Juni 1995, ukuta wa bwawa la mavi ya nguruwe ulipasuka, na karibu lita milioni 95 za uchafu zikamwagika hadi mtoni. Samaki wengi walikufa. Baada ya msiba huo, sheria iliamuru kwamba shamba lenye nguruwe 250 au zaidi, linalotumia mabwawa ya namna hiyo, liwe na msimamizi mwenye cheti. Anapata mafundisho ya saa 10, anafanya mtihani, na kila miaka 3 anarudi kujifunza saa 6. Anafundishwa kupima kina cha bwawa, kujua shamba linaweza kupokea mbolea kiasi gani, kutomwaga wakati udongo umelowa, na kuandika kila kitu kwenye daftari.

Na mfugaji mdogo wa Kikula au Panda?

Hana bwawa, lakini akili ya kazi ni moja. Shimo au lundo la mavi likae mbali na kisima, angalau mita 30, upande wa chini ambako maji yanatelemkia. Litengenezewe ukingo na kifuniko kabla mvua za Novemba hazijaanza. Mavi yachanganywe na majani makavu, yageuzwe mara kwa mara, yaachwe miezi 2 au 3. Lundo likipata joto vizuri, vijidudu vingi vinakufa, na mbolea inakuwa tayari kwa shamba la mahindi. Usiingie hata siku moja ndani ya shimo lililofunikwa: hewa yake inaweza kuua mtu kwa dakika chache.

Kabla ya kuongeza mabanda, mfugaji aende kwanza kwenye ofisi ya mifugo na ile ya mazingira aulize kazi yake inaingia kundi gani, na akilipa kitu, aombe risiti.

Jirani naye ana haki. Katiba, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, tena ana wajibu wa kuyalinda. Basi aanze kwa kuongea na mfugaji. Ikishindikana, apeleke malalamiko kwa maandishi kwenye komini. Mfugaji mwenye karatasi na daftari lake atakuwa na cha kuonyesha siku hiyo. Asiyekuwa nacho anaweza kupoteza nguruwe wake na ujirani pamoja.