Kila Mwanafunzi, Isipokuwa Bi. Ladd

Chukua hoja hii: kila ndege ana manyoya, kanga ni ndege, kwa hiyo kanga ana manyoya. Sasa kanusha hitimisho, uziweke kauli tatu pamoja: kila ndege ana manyoya, kanga ni ndege, kanga hana manyoya. Mbili zozote zaweza kuwa kweli kwa pamoja, lakini zote tatu haziwezi. Hicho ndicho kipimo cha hoja halali alichokitoa Mmarekani Christine Ladd katika tasnifu yake, iliyochapishwa mwaka 1883. Kabla yake, wanafunzi walikariri orodha ndefu ya hoja halali yenye asili yake kwa Aristotle.

Tasnifu hiyo aliiandika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, ambacho wakati huo hakikupokea wanawake. Yeye aliruhusiwa kusoma kwa sababu mwanahisabati James Joseph Sylvester alimtetea. Kufikia mwaka 1882 alikuwa amekamilisha masharti yote ya udaktari. Shahada akanyimwa.

Tukitumie kipimo chake hapo. Kila aliyetimiza masharti hupewa shahada, Ladd ametimiza, Ladd hakupewa. Lazima kauli moja iwe ya uongo. Ya pili ni kweli, ya tatu ilikuwa wazi kwa kila mtu. Inabaki ya kwanza: "kila" ya chuo ilihesabu wanaume tu. Mantiki ya hisabati hukagua "kila" ndani ya kundi lililokwisha kuchaguliwa, wala haiulizi nani alilichagua. Ubaguzi hupenda kujificha hapo. Chuo hichohicho kilimpa kazi ya kufundisha mwaka 1904, na shahada ikatoka mwaka 1926, akiwa na miaka 78!

Mwanafalsafa Andrea Nye, katika kitabu chake cha mwaka 1990, aliishtaki mantiki yote kuwa lugha ya wenye mamlaka. Naona alivuka mpaka. Mwaustralia Val Plumwood, aliyekuwa mwanamantiki hasa, alilenga mahali pamoja: ukanushi. Katika mantiki ya kawaida, "si-A" ni chochote kinachobaki A ikiondolewa. Haina sura yake yenyewe. Ndivyo mwanamke alivyoelezwa kwa karne nyingi, kama asiye mwanamume. Plumwood akapendekeza mantiki inayodai hitimisho lihusiane kweli na kauli zilizolizaa.

Lakini mantiki hiyo hukikataa kipimo cha Ladd kikifanywa kanuni ya jumla. Anza na "A na B, kwa hiyo A". Kipimo kitakupa "A na si-A, kwa hiyo si-B", yaani mgongano mmoja unathibitisha lolote. Pingamizi hilo ni la haki. Hata hivyo, kwa kesi ya Baltimore mimi ningeshika kipimo cha Ladd, maana kinaonyesha ni kauli ipi iliyodanganya.