Samaki mpya: moja kwa moja tangini au karantini kwanza?

Wadau, kwa wale tunaofuga samaki wa mapambo huu ubishi hauishi: ukinunua samaki mpya, unamtia tangini siku hiyo hiyo au unamtenga kwanza? Kuna wanaosema karantini ni mambo ya wenye hela na matangi mawili. Mimi nasema mtenge, na sababu ninazo.

Chukua ugonjwa wa madoa meupe, ambao unasumbua wengi. Unaletwa na kidudu kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kinajichimbia kwenye ngozi ya samaki na kwenye mashavu anayopumulia. Kikishiba kinatoka, kinajishikiza kwenye mchanga na kujigawa, kimoja kinazaa mamia. Hao watoto wanaogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi wanakufa. Kwenye maji ya nyuzi 25 mzunguko mzima ni kama wiki moja. Maji yakiwa baridi unarefuka.

Sasa tatizo liko hapa. Kidudu kikiwa kwenye mashavu tu, dukani unamuona samaki msafi kabisa. Baada ya siku kadhaa ndio madoa kama chembe za chumvi yanajitokeza, na hapo tangi zima limeshaambukizwa. Utasema, si ninatia dawa tu? Dawa inaua wale wanaoogelea, walio ndani ya ngozi haiwafikii, ndio maana lazima urudie rudie. Na zile zenye shaba zinaua konokono wako.

Tangi la pili si lazima liwe la kioo. Ndoo ya lita 20 ambayo haijawahi kutiwa sabuni inatosha kwa samaki wadogo wawili watatu. Weka pampu ya hewa na sponji iliyokaa kwenye tangi kubwa wiki kadhaa, ili iwe na bakteria wa kushughulikia amonia. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili. Ya bomba yaache wazi siku nzima kwanza, klorini ipungue. Funika ndoo kwa wavu, samaki wanaruka jamani! Na kile kiwavu cha kuvulia kisiguse tangi kubwa.

Muda? Wiki 4 ndio salama, 2 ni kwa mwenye haraka. Muangalie kama anajisugua, anahema mbio, amebana mapezi au hataki kula.

Karantini haina kazi pale tu tangi ni jipya na samaki wote umewatia kwa mpigo. Hapo tangi lenyewe ndio karantini. Lakini kama una samaki kumi uliowalea toka wadogo, kweli unawaweka rehani kwa ajili ya mgeni wa jana?

Mwenye uzoefu tofauti atupie maoni hapo chini, tuelimishane.