"Malaya" na "Mteja": Maneno Yanayohukumu

Yafaa walimu na wanafunzi wa Kiswahili wajiulize: kwa nini mwanamke anayeuza mwili huitwa "malaya", ilhali mwanamume anayemlipa huitwa "mteja", jina lile lile la mtu anayenunua sukari dukani? La kwanza ni tusi. La pili lina heshima zake.

Tusi hilo limesafiri. Lugha ya Gikuyu, inayozungumzwa Nyeri, Karatina na Murang'a, imelikopa na kulifanya "mũmaraya". Wasichana wa nyanda hizo nao waliteremka Nairobi enzi za ukoloni, wengine wakikimbia njaa na ndoa za kulazimishwa. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1990, anaeleza kwamba mjini humo neno lilikuwa na maana mahususi. Watembezi walitafuta wanaume barabarani. Wa "wazi-wazi" waliketi nje ya milango yao. Malaya alingoja chumbani kwake, na mgeni aliyebisha hodi alipata pia chai, chakula na maji ya kuoga. Serikali ilitaka vibarua wanaume waishi mjini bila wake. Wanawake hawa wakawauzia mfano wa nyumbani.

Maisha hayo yalikuwa na kipigo, maradhi na misako ya polisi. Hata hivyo, hawakuwa kama wasichana wa Yoshiwara, mtaa wa makahaba ulioidhinishwa Japani mwaka 1617, ambao aghalabu walifungwa na madeni kwa wenye madanguro. Malaya wa Pangani na Pumwani hakuwa na bwana. Alichuma, akaweka akiba, na wengine wakajenga nyumba za kupangisha. Wapo waliopeleka fedha nyumbani, zikawa mifugo ya baba zao. Katika miaka ya 1950, baadhi yao walipata risasi kutoka kwa askari, zikawafikia wapiganaji wa Mau Mau msituni.

Je, haya ni ya kale tu? La hasha. Mwaka 2012, Agnes Wanjiru, mwenye umri wa miaka 21 na mama wa mtoto mchanga, aliuawa Nanyuki. Alikuwa msusi, na shida zilikuwa zimemwingiza katika ukahaba. Mwili wake ulipatikana katika shimo la maji taka la hoteli. Uchunguzi wa mahakama ulihitimisha mwaka 2019 kwamba aliuawa na mwanajeshi au wanajeshi wa Uingereza. Hati ya kumkamata mshukiwa ilitolewa na Mahakama Kuu Septemba 2025, miaka 13 baada ya kifo chake.

Sidai kwamba jina pekee ndilo lililochelewesha haki. Ninachosema ni kwamba jamii iliyozoea kumwita mtu kwa tusi huchelewa kumlilia. Basi mwalimu akilifikia neno hili darasani, asilipite kwa aibu wala kwa kicheko. Awaeleze wanafunzi wake lilitoka wapi, kisha awaulize ni kwa nini lugha yetu haikumtafutia mteja jina zito kama hilo.